Eti ubalozi ni kula bata tu? Tuwaangalie mabalozi wa Poland

Watu wakisikia balozi wanaona suti, gari lenye bendera na glasi ya wine mkononi. Na ukiuliza mtu anafikaje hapo utaambiwa lazima asomee diplomasia, aanze afisa mdogo, apande ngazi miaka na miaka mpaka mvi zitoke. Wapo wa hivyo Poland, tena wengi tu, ila mchukulie Marek Magierowski. Huyu bwana kasoma lugha na fasihi ya Kihispania kule Poznań, akawa mwandishi wa habari miaka kibao, kapita magazeti ya Gazeta Wyborcza na Rzeczpospolita, afu Andrzej Duda alivyoupata urais wa Poland 2015 akamchukua ofisini kwake upande wa habari, 2017 naibu waziri wa mambo ya nje, 2018 huyoo Tel Aviv balozi kamili. Kwahiyo ukaribu na wakubwa unasaidia, tusidanganyane, na siyo Poland peke yake.

Ila hiyo ya kula bata sasa. Kaenda Israel mwaka uleule Poland imepitisha sheria ya kukataza watu kuilaumu Poland kwa mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Israel wakachukia vibaya mno. Februari 2019 waziri wa Israel akasema Wapoland wananyonya chuki dhidi ya Wayahudi kwenye maziwa ya mama zao, Poland nao wakasusia mkutano uliokuwa ufanyike Jerusalem. Mei mwaka huohuo balozi yupo kwenye gari karibu na ubalozi wake, jamaa akaja anafoka, akaipiga gari, akamtemea mate. Polisi wakamkamata. Yaani mtu unatemewa mate kwa ugomvi wa nchi mbili ambao wewe hukuuanzisha, na kesho yake ofisini unaingia kama kawa.

Halafu kuna hii, balozi akirudi kwao ghafla mtaani wanasema kafukuzwa. Hapana bana. Kufukuzwa ni nchi mwenyeji itangaze kwamba hawamtaki, na Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa sheria za kidiplomasia kati ya nchi, unawaruhusu kufanya hivyo bila kutoa sababu yoyote. Agosti 2021 Duda alisaini sheria ya kubana madai ya mali zilizotaifishwa zamani, zikiwemo za Wayahudi, Israel wakamwita nyumbani mwakilishi wao aliyekuwa Warsaw, na Magierowski ambaye alikuwa likizo kwao akaambiwa na serikali yake baki hukohuko. Ule ni ujumbe wa nchi kwa nchi. Kazi yake haikuharibika hata kidogo, kabla mwaka haujaisha alikuwa Washington, balozi wa Poland Marekani.

Hapa ndo penye utamu, maana wengi wanaamini waziri wa mambo ya nje ndo anaweka na kutoa mabalozi anavyotaka. Katiba ya Poland inasema anayewateua na kuwaondoa ni Rais. Machi 2024 serikali mpya ya waziri mkuu Donald Tusk, kupitia waziri wa mambo ya nje Radosław Sikorski, ikatangaza mabalozi zaidi ya 50 wanarudi nyumbani, Magierowski akiwemo. Duda akasema bila saini yangu hakuna balozi anayeondolewa. Watu wakarudishwa Warsaw hivyohivyo, waliopelekwa badala yao Rais akagoma kuwateua, basi wengi wakaenda kama kaimu. Washington akaenda Bogdan Klich, mtu aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi, seneta, ila kaenda kama kaimu, siyo balozi kamili, na hata Karol Nawrocki alivyomrithi Duda Agosti 2025 msimamo kuhusu Klich ukabaki uleule. Kaimu anaendesha ofisi vizuri tu, ila balozi anapeleka hati zake za utambulisho kwa mkuu wa nchi, kaimu anaishia kwa waziri wa mambo ya nje. Ugomvi wa kwao nyumbani, gharama inalipwa Washington. Mi naona Rais na serikali wote wamekosea, ila saini ni ya Rais, hilo halina mjadala.

Kuna wanaodai pia mabalozi ndo wa kwanza kukimbia mambo yakiharibika. Februari 2022 Urusi inaishambulia Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, balozi nyingi za Magharibi zikahamia Lviv, mji wa magharibi mwa nchi, au zikatoka nje ya Ukraine kabisa. Bartosz Cichocki wa Poland akabaki Kyiv, na mwakilishi wa Vatican naye alibaki.

Na ile ya kwamba ubalozi ni kipande cha nchi ya watu, siyo kweli. Ubalozi wa Poland Dar upo kwenye ardhi ya Tanzania, ila polisi wetu hawaruhusiwi kuingia bila ruhusa ya balozi. Mtoto akizaliwa mule ndani hapati uraia wa Poland kwa sababu ya jengo, anaupata kama baba au mama ni Mpoland, hata angezaliwa hospitali ya Muhimbili.