Mimba ya miaka 5 na vituko vingine vya maabara

Katuni nyingi za wanasayansi zinanichosha. Mzee nywele timtim, koti jeupe, chupa inafuka moshi. Tangu nianze kazi ya samaki hapa Tanga sijaona kitu kikifuka maabara, labda birika la chai. Mchoraji angetutembelea kweli angekuta watu wazima wawili wanabishana samaki apimwe hadi kwenye panda ya mkia au hadi nchani, na chini ya meza paka anaumalizia huo mkia.

Katuni ya sayansi ninayoipenda mimi huwa na uongo mmoja tu. Mengine yote ni kweli. Mwaka 1987 Mmarekani Gary Larson alichora sokwe jike akimchambua mumewe manyoya, akakuta unywele wa kizungu, akaanza kumsuta: umetoka kwa huyo Jane Goodall! Kuchambuana manyoya ni tabia ya sokwe kabisa, na Goodall, mtafiti Mwingereza, kweli alikuwa akiwafuatilia kule Gombe, Kigoma. Kilichoongezwa ni wivu wa ndoa. Taasisi ya Goodall ilikuja juu, lakini mwenyewe alipoiona alicheka, na baadaye fulana zenye katuni hiyo zikauzwa kuichangia taasisi ileile. Larson alipokuja Gombe, sokwe aitwaye Frodo akamkung'uta. Hilo hata kuchora halihitaji.

Sisi huku tuna silikanti, samaki wa kina kirefu. Wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini alitoweka zama za dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na miaka ya 2000 marehemu huyo akawa ananasa kwenye majarife ya papa hapahapa Tanga. Mwaka 2009 akatengewa hifadhi ya bahari. Lakini kwa mchoraji, utamu uko kwenye utafiti wa mwaka 2021: watafiti wa Ufaransa walihesabu alama za ukuaji kwenye magamba yake, kama wahesabuvyo za mti, wakakadiria kwamba anaweza kuishi karibu karne nzima, na mimba yake huchukua kama miaka 5.

Miaka 5! Basi nikachora foleni ya kliniki ya wajawazito. Silikanti amekaa kwenye benchi, khanga mabegani. Nesi anauliza, "Mama, mwezi wa ngapi huu?" Anajibu, "Wa hamsini na nane, dada."

Nikaipeleka Kigombe, maana nikiwaeleza wavuvi kwa maneno matupu kwamba samaki huyu huzaa kwa nadra, huitikia kwa adabu na kuendelea kushona nyavu. Safari hii walicheka, kisha wakaanza kuuliza: anazaa wangapi? Analea? Mzee mmoja aliishika karatasi muda mrefu, akaikagua.

"Mwanangu, mbona hana kadi ya kliniki?"

Nikamwambia nimesahau kuichora.

"Si mnasoma kwenye magamba? Basi mbandue moja, umshikishe."

Nimemshikisha.