Nusukaputi, ganzi ya mgongo na homoni za msongo wakati wa upasuaji wa kujifungua

Mama aliyelala kwa nusukaputi hana fahamu, lakini mwili wake bado unapokea taarifa za kisu. Neva za tumbo hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, zikapanda hadi haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni, na mwisho wake tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga kortisoli, homoni ya msongo. Adrenalini na noradrenalini nazo hupanda. Kwenye monita mapigo yanakwenda mbio na presha inapaa. Ukipima sukari, nayo iko juu.

Dakika ninayoiogopa zaidi huja kabla ngozi haijakatwa. Tunampa propofoli ya kumlaza, mg 2 hadi 2.5 kwa kilo, na suksamethoniamu ya kulegeza misuli, mg 1 hadi 1.5 kwa kilo, na kwa desturi dawa za jamii ya mofini husubiri kamba ya kitovu cha mtoto ibanwe, asije akazaliwa amelegea na kupumua kwa shida. Kwa hiyo laringoskopu, kifaa cha kuangalia koo, inainua ulimi na mrija wa kupumulia unapita kooni bila kitu cha kutuliza mshtuko. Mishipa hujibana, hata ile inayolisha mji wa mimba. Mama mwenye afya atavumilia. Mwenye presha kali ya mimba anaweza kuvujia damu kwenye ubongo, na kwake sisubiri kamba ibanwe: natoa labetaloli ya kushusha presha, au remifentanili, ya jamii ya mofini, mcg (maikrogramu) 1 kwa kilo, kabla ya laringoskopu, na anayempokea mtoto aambiwe mapema awe tayari kumsaidia kupumua.

Ganzi ya mgongo huzikata ishara njiani. Dawa ya ganzi bupivakeini nzito ya 0.5%, ml 2 hadi 2.4, pamoja na fentanili, ya jamii ya mofini, mcg 10 hadi 20, hufunga neva za maumivu na pia zile zinazoziamrisha adrenali. Lakini ganzi lazima ipande hadi usawa wa chuchu, ingawa mkato uko chini ya kitovu, kwa kuwa utando wa ndani ya tumbo una neva zinazotoka juu zaidi mgongoni. Pima kwa barafu, kisha kwa mguso mwepesi, kulia na kushoto. Ikiishia kitovuni, ngozi itakatwa kimya, ila mji wa mimba ukivutwa mama atalia, na homoni zitapanda pamoja na kilio chake.

Ganzi hiyohiyo hushusha presha ndani ya dakika chache. Mama akisema “nasikia kichefuchefu”, nachukulia presha imeshuka hata kabla mashine haijamaliza kupima. Mlaze ameinamia kushoto, mpe fenilefrini ya kupandisha presha, mcg 50 hadi 100. Mapigo yakiwa ya polepole, efedrini, inayopandisha presha na mapigo pia, inafaa zaidi.

Baada ya saa 2 au 3 ganzi huisha, na kortisoli iliyokuwa imezuiwa huanza kupanda. Ndiyo maana naweka mofini isiyo na kihifadhi, mcg 100 hadi 150, kwenye sindano ileile ya mgongo, na wodini parasetamoli na diklofenaki hutolewa kwa saa zake, hata kama mama hajalalamika.