Kwa nini wazee wa Marekani walikata vidonge nusu wakati serikali iliwalipia dawa?

Hapa Lubumbashi kukata kidonge nusu hakumshangazi mtu. Mzee anafika famasi ya Katuba na ordonansi ya mwezi mzima, anahesabu falanga zake, anaondoka na vidonge vya siku tano. Kilichotushangaza nyumbani ni simu ya mjomba, mwezi wa kumi 2006. Amefanya kazi Marekani mpaka pensheni, serikali inamlipia dawa, na bado anakata za presha nusunusu. "Nimeingia kwenye shimo," akasema. Mama akadhani ameanguka.

Shimo hilo lilichimbwa na sheria. Desemba 2003 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoingiza dawa kwenye Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2006. Bajeti ilikuwa kama dola bilioni 400 kwa miaka kumi, na haikutosha kulipia kila kidonge. Waliotunga sheria wangewasaidia wagonjwa sana peke yao, mzee mwenye nguvu asingeona sababu ya kujiandikisha. Basi wakalipia mwanzo, wakalipia mwisho, katikati wakaacha wazi. Wamarekani wakaliita tundu la donati, andazi lao lenye tundu. Andazi la kwetu halina, ndiyo maana mama hakuelewa.

Mwaka ule, dola 250 za kwanza mgonjwa alizitoa mwenyewe. Kutoka hapo mpaka gharama ya dawa ifike 2,250, alitoa robo tu. Halafu ghafla akalipa zote mpaka ifike 5,100, na ada ya bima aliendelea kuitoa kila mwezi. Akishavuka, asilimia 5. Januari, hesabu upya. Kwa hiyo mwenye presha na kisukari pamoja alikuwa akitumbukia mwaka ukikaribia kuisha, kama mjomba.

Watafiti walikuta wengi wakipunguza dawa au kuziacha wakiwa shimoni. Dawa ya presha ina ujanja wake: ukiiacha, siku za kwanza husikii kitu. Kiharusi kikija, kitanda cha hospitali kinalipwa na mfuko mwingine wa Medicare ileile, si na kampuni binafsi iliyouza bima ya dawa peke yake kwa niaba ya Medicare. Basi kampuni hiyo haikubeba gharama ya kidonge kilichoachwa.

Kuna lililowapita kabisa waliotunga sheria. Dawa kali za maumivu, za jamii ya afyuni, zilipokuwa rahisi kwa wazee, nyingine zilivuja. Wanauchumi waliolinganisha majimbo waliona kwamba penye wazee wengi, vifo vya kuzidisha dawa hizo viliongezeka hata kwa watu wasio na bima hiyo.

Sheria ya 2010 ilianza kuziba shimo kidogokidogo, mpaka 2020 mzee akawa anatoa robo tu humo. Mwaka 2025 likafutwa, na kikomo cha anachotoa mzee mwenyewe kikawekwa: dola 2,000 kwa mwaka ule. Mzigo ukahamia kwa kampuni za bima, nazo zikataka kupandisha ada ya mwezi. Serikali ikaongeza fedha ili ada isiruke.