Kuhama na tenki ya samaki: si maji ya zamani yanayookoa

Watu husema ukihama na tenki ya samaki, tuseme kutoka Kondele kwenda Mamboleo huku Kisumu, beba maji yote ya zamani juu "bakteria wazuri wako ndani ya maji". Zii, kwa maji wako wachache tu, wengi wamejishikilia kwa sponji ya filta na kwa kokoto, ndio hao wanabadilisha amonia, ile sumu inayotoka kwa uchafu wa samaki, kuwa nitriti halafu nitreti, ambayo sumu yake si kali. Sasa mtu anabeba majerikani ya maji mpaka mgongo unauma, alafu akifika anaosha ile sponji kwa mfereji ing'ae, klorini ya mfereji inaua bakteria, amonia inajaa, na baada ya siku chache samaki wanaanza kuhema juu juu anasema ni stress ya safari.

Sponji iweke kwa ndoo ya maji ya tenki, isikauke, na ukifika rudisha filta mapema. Maji mapya ni sawa bora uweke dawa ya kuondoa klorini na joto lilingane na la ndoo uliyobebea samaki. Na tenki usibebe ikiwa na maji, lita 100 ni kilo 100, silikoni itaachia hapo kwa matuta.