Historia mbadala: hadithi za "ingalikuwa"

Kiswahili kina silabi mbili zinazotosha kubeba aina nzima ya fasihi: -ngali-. "Angaliwahi, angalimkuta." Hakuwahi wala hakumkuta, hilo tunalijua. Hata hivyo, kwa muda wa sentensi moja tumemwona mlangoni, wakisalimiana. Mwandishi wa historia mbadala huichukua sentensi hiyo akaifanya riwaya. Hubadilisha tukio moja lililotokea kweli, kisha huifuata dunia kule inakoelekea.

Mchezo huu ni wa kale. Livy, aliyeandika historia ya Roma miaka 2,000 iliyopita, alisimamisha masimulizi yake akajiuliza ingalikuwaje kama Aleksanda Mkuu angaliivamia Roma. Akajibu kwamba Warumi wangalishinda. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Sarajevo, 28 Juni 1914. Asubuhi ile Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, alirushiwa bomu akanusurika. Baadaye akataka kwenda hospitali kuwaona majeruhi, njia ikabadilishwa, lakini dereva hakuambiwa. Akakata kona kama ilivyopangwa mwanzo, akaamriwa kusimama, na gari likasimama karibu kabisa na Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19 mwenye bastola. Princip akampiga risasi mrithi huyo akamuua, na wiki chache baadaye Ulaya ilikuwa vitani. Agosti vita vilishafika Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi ya watu wengine. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Kutoka hapo Dar es Salaam ikapata jina la Kariakoo.

Sasa mwache dereva anyooshe barabara. Je, pangalikuwa na Kariakoo? Labda vita vingalizuka kwa sababu nyingine. Mwandishi makini halipuuzi hilo. Kanuni yake ni ngumu: ruhusa ya kubuni ni moja tu, pale kwenye kona. Baada ya hapo kila kitu lazima kizaliwe na kilichotangulia, la sivyo msomaji hakubali. Utamu wenyewe uko hapo, katika kuona mambo tuliyodhani ni ya lazima yalivyoning'inia kwenye uzi.

Hadithi za kusafiri katika wakati huongeza mtu anayejua. Historia mbadala haina shahidi, maana waliomo humo hawajui kwamba kulikuwa na dunia nyingine. Msafiri anaijua. Mwone amesimama kwenye kona ile ya Sarajevo, gari linakuja, na neno moja kwa dereva linatosha. Lakini babu na bibi yake walikutana sokoni Kariakoo.