Kazi ya mikono yako ina gharama

Wanawake wengi wanaoendesha biashara peke yao huamini kwamba, kwa kuwa hawajaajiri mtu, hawana gharama ya kazi. Si kweli. Gharama ipo, ila wanaibeba wao wenyewe kimyakimya.

Mtazame fundi cherehani anayepanga bei ya gauni. Anajumlisha kitambaa, uzi, zipu na vifungo, anaongeza kidogo juu, anaita faida. Saa 5 za kushona hazimo. Wala nusu saa ya kumpima mteja, safari ya kufuata kitambaa, jioni ya kujibu meseji huku mtoto yuko mgongoni. Siku oda zikimzidi akamwita msaidizi, ujira wa msaidizi unameza ile faida yote. Kumbe haikuwa faida. Ulikuwa mshahara wa fundi mwenyewe, na mara nyingi mshahara mdogo, jambo linaloniuma sana.

Jipangie ujira wa saa, uuzidishe kwa saa zote, hata zile asizoziona mteja, ndipo uongeze faida. Kwenye hesabu za kodi, pesa anayojilipa mmiliki wa biashara ya mtu mmoja kwa kawaida haihesabiwi kuwa matumizi ya biashara. Kwenye bei, lazima iwemo.