Mnyoo asiyejua kusubiri

Leo nimehesabu mayai tangu asubuhi mpaka macho yameuma, na kila nikiandika namba kwenye daftari nakumbuka kosa nililofanya mwaka wangu wa kwanza maabara, kosa ambalo limenifundisha jeni zinazokagua mgawanyiko wa seli kuliko lekcha yoyote. Nilikuwa na minyoo ambao jeni yao moja ya ukaguzi, mdf-1, imeharibika, nikawatenga mmoja mmoja kila mtu na sahani yake, nikawaangalia kwenye darubini, wanatambaa vizuri, wanakula bakteria vizuri, wanataga. Nikaandika kwamba jeni hii haina kazi kubwa, nikafunga daftari. Siku chache tu mbele uzao wao ukaanza kuisha.

Mnyoo ninayemzungumzia si yule wa tumboni tunayemmezea dawa. Huyu anaitwa C. elegans, ana urefu wa milimita 1, anaishi kwenye matunda yanayooza na udongo, hamdhuru mtu. Sydney Brenner ndo alimchagua miaka ya 1960 pale Cambridge, na mwaka 1974 akachapisha kazi yake ya jeni za mnyoo huyu. Ana vitu vitatu ambavyo mi navipenda sana: mwili wake unaona mpaka ndani kama kioo, ana mbegu za kiume na mayai ndani ya mwili mmoja kwahiyo anajitungisha mwenyewe na kupata watoto kama 300, na kizazi kimoja kinachukua siku tatu nne hivi. Kwa mtu anayetaka kujua wajukuu walirithi nini, hiyo ni neema.

Sasa tuje kwenye kituo cha ukaguzi, yaani mkaguzi wa ndani ya seli anayeizuia isigawanyike mpaka kila kitu kiwe tayari. Seli kabla haijagawanyika inanakili DNA yake, halafu kila kromosomu iliyonakiliwa lazima ishikwe na nyuzi kutoka pande zote mbili za seli ili nakala moja ivutwe huku na nyingine kule. Nyuzi hizi hazina ramani, zinarefuka zinafupika zinarefuka tena mpaka ziguse kromosomu, yaani ni kubahatisha, na ndo maana hakuna anayejua kazi itaisha saa ngapi. Chukulia daladala saa moja asubuhi, abiria mmoja bado ana mguu chini, anapiga bodi, bado bado! Hata kama wale 11 wengine wameshakaa, gari haiondoki. Mnyoo ana kromosomu 12, jozi 6, na moja tu ambayo haijashikwa inatosha kupiga bodi. Protini za MDF-1 (inayotengenezwa na jeni ya mdf-1) na MDF-2 zinakusanyika pale pale kwenye ile kromosomu iliyoachwa, kutoka hapo MDF-2 inaenda kuibana FZY-1, protini nyingine ambayo ndo inaiwasha mashine inayoitwa APC, na APC isipowaka ile gundi inayoshikanisha nakala mbili haikatwi. Angalia hapo, hakuna mtu anayesema twende. Gari inaondoka kwa sababu kelele za bado zimenyamaza.

(Dawa ya vinkristini, ile wanayopewa watoto wenye limfoma ya Burkitt huku kwetu Afrika Mashariki, inapiga hapo hapo. Inazuia nyuzi zisijengeke, seli ya saratani inakwama kwenye bado bado.)

Mnyoo asiye na mdf-1 dereva wake hasikii bodi. Anaondoka kwa saa yake. Lakini mara nyingi saa yake ikifika abiria wote wameshapanda, na hapo ndo nilipodanganyika, manake seli nyingi zinagawanyika salama kabisa bila mkaguzi. Juu ya hapo kuna akiba ya mama. Kwenye stoki zetu, yaani koo za minyoo tunazofuga maabara, mama ana nakala moja nzima na moja mbovu, na nakala nzima iko kwenye kromosomu iliyowekewa alama, mnyoo mwenye nayo anawaka kijani kooni. Mtoto asiyewaka ana nakala mbili mbovu, ila alipokuwa yai mama alishamjazia protini ya MDF-1, kwahiyo migawanyiko ya mwanzo, ile ya hatari zaidi, anaipita kwa mali ya mama. Yeye mwenyewe hana cha kumwachia mtoto wake.

Risa Kitagawa na Ann Rose walionyesha hili mwaka 1999, kwamba ukoo usio na mdf-1 hauvuki uzao wa tatu. Kwenye sahani unaona hivi: mayai ambayo kesho yake bado yako palepale, hayajaanguliwa, ndani seli zimevurugika hazina umbo, pembeni watoto wachache waliosinyaa, na katikati yao madume wenye mkia uliofunguka kama kipepeo cha makuti. Dume kwa kawaida ni nadra, mmoja au wawili kati ya minyoo 1,000, kwa sababu dume ni yule aliyepata kromosomu ya X moja badala ya mbili. Kwahiyo nikiona madume wameongezeka kwenye ukoo unaojitungisha wenyewe, najua X zinapotea njiani, na kama X inapotea, zile nyingine 5 nazo zinapotea, ila yule anayepoteza hizo hafiki hata kuanguliwa nikamwona.

Halafu kikaja kitu ambacho mpaka leo kinanisisimua. Watafiti waliwapa minyoo wa mdf-1 kemikali ya EMS inayoharibu DNA, wakatafuta koo ambazo zimegoma kufa. Zikapatikana, na kumbe kilichoharibika safari hii ni FZY-1 yenyewe au kipande cha ile mashine ya APC. Yaani mkaguzi hajarudi, ila dereva amekuwa mzito, anachelewa kuwasha gari, na ule ucheleweshaji mdogo unawatosha abiria kupanda. Uharibifu mmoja ukafunika mwingine. Hapo nikaelewa kwamba mnyoo wangu hakuwa anakosa kromosomu nzuri wala nyuzi nzuri, alikuwa anakosa muda.

Kuna mkaguzi wa pili anayeangalia kama DNA yenyewe imekatika, na yeye unamtafuta kwenye kiungo cha uzazi, manake mwilini mwa mnyoo mkubwa seli nyingine zote zimeshaacha kugawanyika. Ukiwapiga mionzi minyoo wazima, zile seli za ncha ya kiungo zinasimama kugawanyika na zinavimba, halafu ukishuka mbele kidogo kuna seli zinajiua, unaziona zimeinuka duara kabisa kama kifungo cha shati. Mnyoo aliyeharibika jeni ya mrt-2, moja ya jeni za mkaguzi huyu wa pili, ukimpiga mionzi hiyohiyo, hakuna kusimama na hakuna kifungo.

Ila mrt-2 usipompiga chochote yuko sawa tu, anazaa, watoto wanazaa, uzao wa tano huoni kitu, na ndo maana waliomgundua, Shawn Ahmed na Jonathan Hodgkin mwaka 2000, walikuwa na subira ya kuhamisha minyoo sahani kwa sahani vizazi zaidi ya kumi mpaka ukoo ukawa tasa. Jeni hiyohiyo inahitajika kulinda ncha za kromosomu, zile herufi TTAGGC zinazojirudia (kwetu binadamu ni TTAGGG, tofauti herufi moja). Bila mrt-2 ncha zinafupika kila kizazi, zikiisha kromosomu mbili zinaungana kichwa kwa kichwa.

Mi ninao minyoo hao wa mrt-2 kwenye inkubeta sasa hivi. Yai lililokomaa ukilipaka rangi ya DAPI linaonyesha vidoti 6 vya bluu, jozi 6, unaweza kuvihesabu kama mbegu za ubuyu kwenye kiganja. Wiki iliyopita nilikuta yai lenye 5, nikazungusha lenzi juu na chini nikidhani kimoja kimejificha nyuma ya kingine. Hakikuwepo, na kidoti kimoja kati ya vile 5 kilikuwa kirefu kuliko wenzake.